Namba ya Kiwandani

Bunduki iliyomuua Makongoro ilikutwa bondeni siku ileile, imetupwa kwenye majani marefu na mtu aliyekuwa akikimbia. Wezi wa ng'ombe walikuwa wameingia kijijini kwao, upande wa Butiama, alfajiri ya Jumatatu. Yowe lilipopigwa, Makongoro alikuwa wa kwanza kuwafuata. Alikuwa na miaka ishirini na sita na ndoa ya mwaka mmoja. Ng'ombe wote walirudi zizini. Yeye alirudishwa juu ya machela ya miti.

Kila bunduki ya halali ina namba zilizogongwa kwenye chuma chake, na polisi wanazo namba hizo katika daftari lao. Saa saba mchana gari lao lilisimama mbele ya kiwanda kidogo cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Bunda, ambacho sote tulikiita jineri. Wakaomba kumwona mtunza silaha. Mtunza silaha alikuwa baba yangu, Thadeo Wanzagi.

Jineri ilikuwa na bunduki tatu za kulinda maghala na kusindikiza magari wakati wa msimu. Zilikaa ndani ya sefu ya kijani iliyofunguliwa kwa kubonyeza vitufe vya namba. Jumatatu hiyo hakukuwa na gari la kusindikiza, na baba alikuwa hajaifungua tangu Jumamosi. Baba aliinamia vitufe hivyo, akavikinga kwa mwili wake kama alivyofanya kila siku, hata mbele ya polisi, na akafungua. Mlango haukuwa na mkwaruzo wowote. Bunduki mbili zilisimama mahali pake. Mahali pa tatu palikuwa wazi.

Mpelelezi, Afande Robi, alimwuliza mbele ya wafanyakazi wote.

"Nani mwingine anajua namba ya sefu hii?"

"Hakuna, afande. Mimi peke yangu."

"Meneja?"

"Meneja hajui. Mke wangu hajui. Hata padri wangu hajui."

"Fikiri vizuri, mzee. Kuna mtu ameuawa."

"Nimefikiri. Namba ninaijua mimi tu."

Maneno hayo yakaandikwa, akasomewa, akatia sahihi. Kisha akapanda gari la polisi mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Mwaka huo, 1994, nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa masomo ya sheria Dar es Salaam, na nilikuwa nyumbani Guta kwa likizo, nikimsaidia mama kuchuma pamba. Jumanne asubuhi nilimpelekea baba chakula kituoni. Nilimkuta ameketi sakafuni, amekunja koti lake vizuri na kuliweka magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alizoea kuniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Dafroza. "Pamba ya kule chini mmeshaimaliza?"

"Bado, baba. Baba, umeandika kwamba namba unaijua peke yako."

"Nimeandika kweli."

"Kwa kweli hiyo watakushtaki kwa kushiriki mauaji. Ijumaa wanakupeleka mahakamani Musoma."

"Sasa ulitaka nisemeje? Niseme na meneja anaijua, wamlete naye hapa akae na kunguni?" Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Nilikuwaga najigamba nayo, mwanangu. Wenzangu walikuwa wananitaniaga, wanasema Thadeo akifa tutamzika na bunduki. Mimi nikawa nasikia raha. Leo nikisema kuna mwingine anaijua, nitakuwa naruka maneno yangu. Mtoto wa Nyamburi amekufa, halafu mimi naruka?"

Nyamburi alikuwa baba yake Makongoro. Yeye na baba walipata kipaimara siku moja, na walipokutana minadani walishikana mikono muda mrefu kuliko watu wengine.

Nilitoka kituoni nikiwa na imani mbili zisizoweza kukaa pamoja. Niliamini kwamba baba hakumpa mtu bunduki. Niliamini pia kwamba baba hakusema uongo. Lakini sefu haikuvunjwa, na kama yeye peke yake ndiye aliyejua namba, basi moja kati ya imani zangu ilipaswa kufa. Darasani tulifundishwa kuyapima maneno ya shahidi kana kwamba shahidi hana sura. Sikufundishwa namna ya kuyapima maneno ya mtu aliyenibeba mabegani.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kwa miaka kumi na moja bunduki za jineri zilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao baba, wa pili alikuwa nao meneja, na sanduku halikufunguka mpaka wote wawili wawepo. Kila asubuhi walikutana mbele ya sanduku, wakasalimiana, kila mmoja akafungua yake. Meneja alilalamika kwamba anaamshwa mapema kama mwadhini. Kisha biashara ikafunguliwa, maduka ya Musoma yakajaa vitu ambavyo kwa miaka mingi tuliviona kwenye picha tu, na miaka miwili kabla ya msiba huu jineri ikanunua sefu. Siku ya makabidhiano baba alitia sahihi karatasi iliyosema kwamba namba itajulikana na mtunza silaha peke yake. Karatasi hiyo aliitunza nyumbani, ndani ya Biblia.

Jumatano alasiri wanawake wa jumuiya walikuja kutupa pole. Miongoni mwao alikuwa Mama Pelagia, rafiki wa mama tangu utoto, mjane anayeishi Nyakato, Musoma. Marehemu mumewe, Renatus, alikuwa mfanyabiashara mwenye leseni ya bunduki ya kuwindia.

"Hiyo sefu ya kazini kwa baba yako," aliniuliza, "ni ya kijani? Ya kubonyeza?"

"Ndiyo, mama."

"Ya lile duka la pale Musoma, la Bwana Masatu?"

"Hilohilo."

"Basi ni kama ya marehemu Renatus." Akatikisa kichwa. "Mume wangu alikuwa na siri kuliko kiti cha maungamo. Hata muwa alikuwa anaula amegeukia ukutani."

Wanawake wakacheka kwa sauti ya chini, wakijua kwamba hawakuja kucheka. Mama Pelagia akaendelea.

"Alipokufa akaenda na namba yake. Hati ya nyumba imo ndani ya sefu, bunduki imo ndani, polisi wanaitaka bunduki, mimi sijui pa kuanzia. Nikaenda dukani, nikidhani watakuja na nyundo na moto. Alikuja Bwana Masatu peke yake, na shati jeupe. Akaniambia, mama, geuka kidogo. Nikageuka nikatazama picha ya Bikira Maria. Nikasikia ti, ti, ti. Mlango huo! Hata chai niliyomwekea ilikuwa bado inaunguza."

Niliweka chini sinia nililokuwa nimeshika.

"Mama, alibonyeza namba gani, na namba ya baba Renatus hakuna aliyekuwa anaijua?"

"Nitajuaje, mwanangu, na mimi niko na Bikira Maria?"

"Alikuwa na karatasi?"

"Kikaratasi. Kidogo, kama cha hospitali." Kisha akanitazama, na nikaona kwamba na yeye, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alikuwa anasikia anachokisema.

Alhamisi, basi la kwanza lilinifikisha Musoma kabla maduka hayajafunguliwa. Bwana Masatu alinipokea vizuri mpaka nilipotaja sefu.

"Binti, mambo ya wateja wetu ni siri."

"Siri ya nani, bwana? Ya mteja, au yenu dhidi ya mteja?"

"Umesoma, naona."

"Ninaomba jibu tu. Sefu hizi zina namba nyingine ambayo mwenyewe haijui?"

"Hazina."

"Mama Pelagia wa Nyakato alifunguliwa yake."

"Mama yule ana huzuni, na huzuni inachanganya watu. Msalimie baba yako. Ni mteja mzuri."

Nyuma yake palikuwa na mwanamke aliyekuwa akipiga chapa tangu nilipoingia. Nilipotaja jina la baba, mashine yake ilinyamaza. Nilikuwa nimeshafika mtaa wa pili aliponikimbilia, ameshika bahasha tupu kama mtu aliyetumwa posta.

"Wewe ni binti wa mzee Thadeo?"

"Ndiyo, dada."

"Mimi ni Lukresia. Ninakwenda nyumbani saa saba kula. Kigera, nyuma ya kanisa, mlango wa bluu. Usinifuate sasa hivi."

Nilimkuta jikoni akimenya mihogo. Mumewe, aliyepunguzwa kazini mwaka uliotangulia pamoja na nusu ya wenzake, alitusalimia akatoka nje bila kuambiwa. Lukresia hakunitazama alipozungumza.

"Baba yako alilazwa hospitali mwezi huu?"

"Hapana. Hajaugua tangu mwaka juzi."

Akaweka kisu chini. "Basi nimeua mtu," akasema.

Alinieleza bila kupamba. Kila sefu ilitoka kiwandani, huko ng'ambo, ikiwa na namba yake ya akiba. Mwenye sefu alikuwa huru kuweka namba aitakayo na kuibadilisha kila siku, lakini namba ya kiwandani haikufutika. Kiwanda kilimtumia wakala daftari lenye namba hizo zote. Katika eneo lao sefu zilizokwisha kuuzwa, kutoka Tarime mpaka Bunda, zilikuwa thelathini na moja. Wenyewe hawakuambiwa.

"Kwa nini hawakuambiwa?"

"Bwana Masatu anasema mteja akijua hatanunua. Ila waliokuwa wanakuja kuchukua sefu dukani tulikuwa tunawaambiaga kwa mdomo, mkisahau namba njooni. Hiyo ya jineri alikuja kuichukua karani wenu wa usafiri, Stanislausi. Yeye alijua. Wiki mbili zilizopita akarudi na barua ya jineri, ina muhuri."

"Ilisema nini?"

"Ilisema mtunza silaha amelazwa, msimu umeanza, wanaomba namba ya akiba kwa dharura. Imeandikwa kwa mkono, Dafroza. Haina hata kumbukumbu namba. Sahihi ni ya kwake yeye mwenyewe Stanislausi. Mtu anajiandikia barua, anajiletea!"

"Na wewe uliisoma?"

"Nilisoma muhuri." Akafuta mikono kwa khanga, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imekauka. "Wewe miaka ile ya uhaba ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa kaunta. Sabuni kwa kibali, sementi kwa kibali, mabati kwa kibali, hata sanda ilikuwa kwa kibali. Mtu anakuja analia, huna muhuri, rudi. Mwingine anacheka, ana muhuri, pita. Miaka kumi nilifanya hivyo. Sasa hivi vitu vimejaa, lakini jicho langu bado linakwenda kwenye muhuri lenyewe, likishauona linapumzika. Nilimwandikia Stanislausi namba kwenye kikaratasi. Nikamwambia ampelekee baba yako ugua pole."

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mbaya.

"Barua iko wapi, dada?"

"Iko kwenye droo ya Bwana Masatu. Tangu Jumatatu jioni, aliposikia habari za Butiama, ameifunga."

"Njoo kesho Bunda. Sema haya mbele ya Afande Robi."

"Halafu?"

"Halafu baba anatoka."

"Halafu mimi?" Sasa alinitazama. "Wewe ukikosea chuoni unarudia mtihani. Mimi nikikosea, watu sita hawali. Umemwona huyo aliyetoka nje? Alikuwa fundi mkuu. Leo anaogopa hata kukaa jikoni kwake. Usiniambie haki, mdogo wangu. Haki niambie ukishapata watoto."

"Makongoro hakupata," nikasema.

Nilijuta papo hapo. Akachukua kisu, akaendelea na mihogo, na mimi nikaaga.

Afande Robi alinisikiliza jioni hiyo ofisini kwake Bunda, kidevu kikiwa juu ya ngumi. Hakuwa mtu wa dharau. Nilipomaliza, akafungua jalada.

"Binti, nina maneno ya watu wawili. Mama mmoja aliyekuwa anatazama picha, na karani ambaye hataki kuja. Na hapa nina maneno ya mwenye sefu, kwa sahihi yake: hakuna mwingine. Wewe unayesoma sheria, ungefuata yapi?"

"Ningeijaribu sefu yenyewe, afande. Baba aweke namba mpya, afunge. Kisha wenye duka waambiwe waifungue."

"Baba yako akubali. Siwezi kumlazimisha mtuhumiwa achezeshwe na chuma."

Baba aliletwa. Alisikiliza amesimama, na nilipofika kwenye namba ya kiwandani alianza kutikisa kichwa.

"Hapana. Nilitia sahihi mimi. Meneja alinisomea: mtunza silaha peke yake. Ungekuwepo mlango mwingine, wangeniachaje niweke sahihi?"

"Baba, hawakukuambia."

"Mimi ni mtu mzima, Dafroza. Huwezi kumpa mtu mzima ulinzi wa roho za watu halafu ukamficha mlango."

"Basi tuijaribu."

"Tuijaribu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Afande, nakubali. Isipofunguka, huyu mtoto atatulia, na mimi nitakwenda mahakamani nikiwa na jina langu. Sitaki watu wa Butiama waseme Thadeo alitafuta uchochoro."

Ndivyo alivyokubali: kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba ningeshindwa.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa katika ghala la jineri. Meneja alikuwepo, askari wawili, Afande Robi, mama na mimi. Bunduki zilikuwa zimetolewa. Stanislausi hakuwa amefika kazini tangu Jumanne, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo kuwa neno, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya safari. Askari aliyetumwa Musoma alirudi na Bwana Masatu. Nyuma yao, akiwa amekumbatia mafaili kifuani, alikuwa Lukresia.

Afande alikuwa ameagiza vitabu vyote vya duka viletwe. Baadaye askari alisimulia kwamba Bwana Masatu alitaka kuacha droo moja, na Lukresia akamwomba ufunguo wake kwa sauti kubwa mbele ya wateja: "Afande amesema vyote, bwana. Na hiyo droo ni vyote."

Baba alifunguliwa pingu. Akaiendea sefu, akageuza mgongo kwetu, akaiinamia. Alichukua muda mrefu. Alifunga mlango, akaujaribu kwa mikono yote miwili, kisha akarudi akasimama mahali pake na kuinyoosha mikono ili afungwe tena. Askari alisita. Afande Robi akatikisa kichwa, na mikono ya baba ikabaki wazi.

"Bwana Masatu, fungua."

"Afande, hili ni jambo la kampuni. Sina ruhusa ya wenye kiwanda."

"Kampuni yako ina barua. Mimi nina maiti. Kuna namba nyingine, ndiyo au hapana?"

"Hapana."

Nilisikia mashine za upande wa pili zikichambua pamba. Kisha Lukresia akapita kati ya askari. Baba akamwambia kwa huruma, "Binti, usijisumbue. Nimeiweka sasa hivi, hata mimi bado inanichanganya."

"Shikamoo, baba," Lukresia akamjibu.

Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akabonyeza vitufe vinane, kimoja kimoja, bila kukinga chochote. Tuliona vyote. Mlango ukafunguka kama vile ulikuwa ukimsubiri.

Mama alipiga kelele ya furaha, akaja kunishika. Mimi nilikuwa namtazama baba. Alisogea mpaka kwenye sefu, akaingiza mkono ndani, akapapasa ukuta wa nyuma, akitafuta tundu. Kisha akageuka kwa Bwana Masatu.

"Miaka miwili," akasema. "Kila asubuhi ninaikinga na mwili wangu. Vijana walinzi ninawaambiaga wageuke, wengine ni watoto wa ndugu zangu, wanakasirika. Nilikuwa ninamficha nani?"

Bwana Masatu alitazama viatu vyake. "Ni kwa ajili ya kuwasaidia wateja, mzee. Wanaosahau."

"Mimi nilisahau lini?"

Lukresia alitoa barua katikati ya daftari, akamkabidhi Afande. Muhuri ulikuwa wa jineri, sahihi ya Stanislausi. Alikamatwa Jumamosi kituo cha mabasi cha Musoma, na alikiri kwamba aliichukua bunduki Jumamosi iliyotangulia, baada ya kazi, akawapa watu kwa ahadi ya kuirudisha Jumatatu kabla baba hajafungua sefu. Jumapili, alisema, mzee alikuwaga kanisani. Lukresia alipoteza kazi siku ileile ya ghala, papo hapo, mbele yetu.

Ijumaa hiyo baba aliachiwa kabla ya saa sita. Mama alitaka twende nyumbani Guta, kulikuwa na kuku tayari. Baba alisema tutakula siku nyingine, na kwamba yeye anakwenda Butiama. Mimi nilimfuata.

Njiani nilipanga maneno yangu kama mtu anayekwenda kutetea. Ningeanza na sefu, kisha daftari, kisha barua, na mwisho ningeonyesha kwamba hakuna kosa hata moja lililoangukia mikononi mwa baba. Baba alitazama dirishani, na tulipokaribia kwa Nyamburi aliniambia neno moja tu: "Usinitetee."

Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti na magogo mbele ya nyumba, wanawake ndani. Baba alisimama kwenye mwanya wa ua, hakuingia. Mzee Nyamburi alimwona, akanyanyuka polepole, akaja mpaka hatua tatu kutoka kwetu.

"Thadeo."

"Naam."

"Bunduki ilitoka kwako?"

"Ilitoka kwangu."

"Baba mkubwa, haikuwa hivyo," nikasema. "Kulikuwa na..."

"Dafroza!" baba akanikemea.

"Mwache," akasema Mzee Nyamburi. "Aseme. Nimesikiliza watu wengi wiki hii."

Nilisema. Mpangilio wote niliouandaa ulinitoka, nikaanza na kikaratasi, nikarudi kwenye kiwanda, nikataja muhuri. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniondolea macho. Ndani ya nyumba mjane wa Makongoro alikuwa akikohoa.

"Wenzake waliokuwa wanamfuata," mzee akasema nilipomaliza, "wanasema aliwapigia kelele, njooni, wana fimbo tu. Aliona kile kitu akadhani ni fimbo." Kisha akaniuliza: "Hiyo namba ya kiwandani, duka walikuwa wanaijua?"

"Walikuwa wanaijua."

"Thadeo alikuwa haijui."

"Haijui."

"Na hizo sefu nyingine, umesema thelathini. Wenyewe wameambiwa?"

"Polisi wamechukua daftari, baba mkubwa."

"Sikukuuliza daftari."

"Hawajaambiwa," nikasema.

"Ila wewe umeambiwa."

Hakulisema kwa ukali. Alimshika baba mkono, akamwingiza uani, akamwonyesha gogo lililokuwa karibu na kiti chake. "Kaa, Thadeo." Baba akakaa, na mabega yake, ambayo tangu asubuhi yalikuwa yameinuka kama ya mtu anayebeba mzigo wa kichwani, yakaanguka, akafunika uso kwa koti lake na kulia kwa sauti. Wanaume waliokuwa pale walitazama chini wakamwachia nafasi ya kulia.

Mimi nilibaki nimesimama kwenye mwanya wa ua. Basi la kwenda Musoma lingepita barabarani saa kumi. Lukresia, tulipoagana ghalani, alikuwa ameniambia kwamba daftari limeondoka lakini majina yote thelathini anayo kichwani, kwa sababu yeye ndiye aliyeyaandika.

Nilisubiri mpaka baba alipoinua uso, nikamwomba ruhusa. Aliniitikia kwa kichwa, hakuniuliza ninakwenda wapi.